Chemchemi Ambayo Haikuwa Kwenye Orodha

Nililipiga teke sufuria la mtu. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linalosimuliwa mtaani kwetu, na linasimuliwa vibaya. Wanasema nilimpiga teke yule kijana. Sikumpiga. Nilipiga sufuria, likabingirika mpaka kwenye majani, na masizi yakanibaki kwenye vidole vya mguu wa kulia kwa sababu nilikuwa peku. Na jambo jingine niliseme mapema ili anayesoma asikae roho juu: nilishinda.

Ilikuwa asubuhi, jua limepanda kidogo juu ya mlima Kwaraha. Mgongoni nilimbeba mwanangu wa pili, wa mwaka mmoja na nusu, aliyekuwa anaharisha siku ya nne. Mbele yangu alitembea mama mkwe na dumu lake la lita kumi. Tulikuwa tunakwenda chemchemi, kama tunavyokwenda kila bomba linapokauka, na bomba la mtaa wetu linakauka siku nyingi kuliko linavyotoa.

Jicho la maji lipo chini ya mwamba, upana wake kama beseni mbili. Tulipofika, mmoja wa vijana wanaoosha pikipiki hapo jirani alikuwa amechuchumaa ukingoni. Alikuwa na sufuria la kupikia kwenye mafiga, jeusi kama usiku, na alikuwa amelizamisha lote ndani ya jicho, anachota maji ya ugali.

Mama mkwe akasimama. "Mwanangu, hapo sufuria la masizi haliingii. Chota kwa ndoo."

"Kwani likiingia litafanyaje, bibi?"

"Wenyewe wanahama. Maji yanakauka."

"Wenyewe gani, yule nyoka?" Akawageukia wenzake wawili waliokuwa wanavuta mpira wa pampu. "Oya, bibi ana nyoka! Bibi, mwambie nyoka wako aje na pikipiki yake. Namwoshea bure."

Wakacheka. Mimi maneno hayo hayakunigusa, maana matusi ya vijana nimeyazoea, nina kaka watatu. Kilichonimaliza ni alichofanya mama mkwe baadaye. Ndala zake alishazivua huko nyuma penye jiwe, kama siku zote, akaziweka pamoja vizuri. Sasa akapiga magoti kwenye tope la sabuni, akaanza kusogeza povu kwa kikombe, taratibu, ili apate pa kuchota. Juu ya maji kulikuwa na ile rangi ya oili, zambarau na kijani, inajikunja. Kila akiisogeza inarudi. Mwanamke wa miaka sabini na kitu, mzee wa kanisa, anayaomba maji yampishe.

Ndipo nikapiga teke.

"We mama vipi!" yule kijana akaruka.

"Kachote maji ya ugali wako kwenye tangi la pikipiki!" nikamwambia. "Mtoto wangu anakunywa hapa!"

Mtoto akalia, mama mkwe akasema "Basi, basi," na wale wawili wakawa wanacheka tena, sasa wanamcheka mwenzao. Nikachota dumu moja la maji mabaya nikarudi nyumbani.

Sasa lazima nikiri. Mimi mwenyewe niliwahi kuwa kama yule kijana.

Nilipoolewa nilikuja kwenye nyumba hii na cheti changu cha kidato cha nne na cherehani. Familia ya mume wangu ilishuka kutoka milima ya Mbulu zamani, wakaja na mahindi yao, na Biblia, na masharti ya maji. Wiki ya kwanza ndoo ilipasuka, nikachukua sufuria la jikoni nikaenda nalo chemchemi. Mama mkwe alinikuta njiani, penye jiwe la chini. Kuna mawe mawili, moja upande wa chini unapotokea mtaani, na jingine upande wa juu unapotokea mashambani. Makubwa, yamelala, migongo yake imekuwa laini. Hapo ndipo unapoacha chombo chenye masizi, unavua viatu, na ukiwa na sabuni unaiacha. Hupigi mluzi. Hufui. Ndani ya chemchemi kuna wenyewe wa maji, na mkubwa wao ni nyoka mwenye kitu kinachong'aa kichwani kama taa. Ukimchafulia anaondoka na maji anaondoka nayo.

"Mama, mimi nimesoma baiolojia," nilimwambia siku ile.

"Vizuri," akasema. "Rudisha sufuria."

Nikarudisha, nimenuna. Jioni nikamuuliza anawezaje kuwa mzee wa kanisa na kumheshimu nyoka. Alikuwa anachambua maharage, hata hakuinua kichwa. "Namwamini Mungu. Ndiye aliyeyaweka hayo maji. Lakini ukienda kwa mtu, hata kama nyumba kajengewa na baba yake, si unabisha hodi?"

Nilikuwa na daftari. Bado ninalo. Nilipokuwa kidato cha pili nilianza kukata picha na habari za mahali pa ajabu duniani, kwenye magazeti yaliyofungiwa maandazi na kwenye kalenda za zamani, nikawa nabandika kwa uji wa unga wa ngano. Humo kuna sehemu ya bahari ambako wanasema meli na ndege hupotea. Kuna mji uliozama na watu wake wote, na mji wa dhahabu uliotafutwa msituni na watu waliokufa wakiutafuta. Kuna shimo la moto jangwani, linawaka tu, miaka na miaka. Kuna kisiwa chenye vichwa vikubwa vya mawe vinavyotazama ndani badala ya kutazama bahari. Ukurasa wa nyumbani ulikuwa mmoja: Lengai, mlima unaotoa moto mweusi, ziwa Natron ambako ndege aliyekufa anakauka kama chumvi, na ule mchanga wa Ngorongoro unaohama mzima mzima bila kutawanyika. Na Kolo, kwenye mapango yenye michoro, ambako ukipanda basi la Kondoa kutoka hapa Babati unapita kabla hujamaliza karanga zako.

Chemchemi yetu haikuwemo. Wala haikunijia akilini kuiweka. Ajabu ilikuwa kitu cha kukifuata kwa safari. Pale tulipochota maji palikuwa mahali pa kuchota maji, na masharti yake yalikuwa mambo ya wazee.

Basi mvua za masika zilipoisha, wakaja wale vijana na pampu ya petroli. Wakapanga mawe, wakachimba mfereji, wakaanza kuosha bodaboda na bajaji za mji mzima. Mwanzo kwa upole, upande wa chini, baadaye karibu, mwisho hatua chache kutoka kwenye jicho. Povu lilirudi nyuma kwenye maji kila pampu ilipozimwa. Akina mama tulilalamika kwa mdomo. Tulikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa tukiwa tisa.

"Vijana wamejiajiri," mwenyekiti akasema. "Mnataka wakaibe?"

"Waoshe kwingine," nikasema.

"Wapi? Wewe una kiwanja?"

Tukarudi. Mwanangu akaanza tumbo. Zahanati wakampa dawa, wakaniambia nichemshe maji. Nachemsha, nikawaambia, nachemsha toka huyu hajazaliwa. Lakini oili haichemki ikaisha. Ukiichemsha unapata oili ya moto.

Na baada ya hapo ndiyo asubuhi ya sufuria.

Siku ileile mchana nilikaa kwenye cherehani, nikasukuma gauni la mtu pembeni, nikaandika malalamiko. Niliandika kwa Kiswahili cha ofisini, kimepigwa pasi. Nikaandika "uchafuzi wa mazingira" mara tano. Sikuandika mawe, sikuandika masizi, nyoka ndiyo kabisa. Niliona haya. Nilitaka waone mtu aliyesoma.

Kwenye ofisi ya maji nilipokelewa na bwana mmoja mtaratibu, miwani imeshuka puani. Alisoma, akafungua faili kubwa, akapitisha kidole kutoka juu mpaka chini, akafunua, akapitisha tena.

"Hakipo," akasema.

"Nini hakipo?"

"Hiki chanzo. Kwenye orodha hakipo."

"Kipo baba, nimetoka kuchota asubuhi."

"Nasema kwenye orodha." Akafunga faili, si kwa ubaya. "Sikiliza, dada. Sheria inalinda mita sitini kutoka kwenye chanzo cha maji. Lakini lazima kwanza tujue ni chanzo. Cha kudumu, kinatumiwa na jamii, kina mpaka unaojulikana. La sivyo hata dimbwi la mvua kila mtu ataliita chemchemi. Una ushahidi gani?"

Kwenye meza ya pili kulikuwa na mwingine anakula chapati. Akasema bila kutazama, "Si ile ya nyoka? Hiyo ni hadithi ya bibi zao. Nenda ukamlete nyoka atoe ushahidi."

Akacheka na chapati yake. Nilichukua karatasi yangu. Sikusema asante, mama yangu angenisema kwa hilo, lakini sikusema.

Nilitembea kwa miguu mpaka nyumbani ili hasira ipungue, haikupungua. Nikafika, nikavuta daftari la zamani kutoka chini ya kitanda, sijui nilitaka nini humo. Nadhani nilitaka kuona kitu cha mbali. Likafunguka kwenye mji uliozama. Nikausoma tena ukurasa ule. Hakuna aliyeuona mji ule. Hakuna aliyechota hata kikombe humo. Lakini umeandikwa na umechorwa ramani, na mimi msichana wa shule huku Manyara niliubandika kwa uji. Na chemchemi ambayo mtaa mzima unakunywa kila siku, hakipo! Kwenye orodha!

Nikapiga kelele peke yangu. Mama mkwe akachungulia. "Kuna nini?"

"Wanasema hatuna mpaka, mama. Wanasema hatuna ushahidi kwamba ni chanzo."

"Mpaka?" akasema. "Mawe yale ni nini?"

Alisema hivyo tu kisha akarudi kwenye kuku wake. Mimi nilibaki nimekaa kitandani na daftari mapajani. Miaka saba napita pale, navua viatu, nimenuna au sijanuna, na sikuwahi kuyaita mawe yale kwa jina lake. Mpaka. Watu wasiokuwa na faili wala muhuri walipima umbali wa uchafu na maji, wakaweka mawe makubwa ili yasihamishwe, na ili hata mtoto asibishe wakaweka na nyoka.

Sijui kama nyoka yupo. Kolo hawajui aliyechora zile picha, na bado kuna kibao na walinzi, na watu wanakwenda mpaka leo kuombea mvua pale pale. Hakuna aliyewaambia waende wakamlete mchoraji.

Kesho yake nikachukua kamba ya manila na futi yangu ya ushonaji. Futi ya fundi ni mita moja na nusu. Futi arobaini ni mita sitini. Hesabu hiyo hata cheti cha kidato cha nne kinatosha. Nikapima kamba, nikapiga fundo kila futi moja, mafundo arobaini na mengine ya akiba. Mama mkwe akaja nami, na nyuma yake akina mama wengine saba, maana habari ya sufuria ilikuwa imeshasambaa na wote walitaka kuona nitapiga teke gani tena.

Kwenye jiwe la chini mama mkwe akaninyooshea kidole miguuni. "Viatu."

"Mama, tunapima."

"Kwani kupima kunapimwa kwa viatu?"

Nikavua. "Na hiyo kamba," akaongeza, "haina masizi?"

"Mpya, mama. Nimenunua sokoni asubuhi hii."

"Haya. Pima."

Jirani mmoja mnene, mama mwenye kucheka kwa sauti, alishika mwanzo wa kamba kwenye jicho la maji, nami nikarudi nyuma na mafundo. Wale vijana walizima pampu wakatutazama. Yule wa sufuria akauliza, "Mnashona nini?"

"Suruali ya nyoka," yule jirani akamjibu. "Ndefu, tunahitaji kitambaa kingi."

Kila mtu alicheka, hata yule kijana, na mimi pia, ingawa sikutaka.

Kutoka jichoni mpaka jiwe la chini: mafundo arobaini na manne. Mita sitini na sita. Nilipima mara mbili kwa sababu sikuamini. Kisha upande wa juu. Nilitamani sana nako kufike sitini, nilishaanza kuiona sentensi yake kwenye barua. Hakukufika. Mafundo thelathini na moja, mita arobaini na sita na nusu. Jirani mnene akanong'ona, "Andika sitini tu, nani atakuja huku?"

"Atakuja," nikasema. "Namtaka aje."

Mama mkwe akaangalia mteremko. "Huku juu ni mwamba," akasema. "Uchafu hausafiri kwenye mwamba kama kwenye udongo. Wa zamani hawakuwa wajinga." Nikaandika hilo pia, kwa jina lake.

Mwisho nikapima kutoka jichoni mpaka pampu. Mafundo manane. Mita kumi na mbili.

Baada ya hapo niliwakalisha akina mama nje ya jiwe la chini, nikaandika walichosema. Mkubwa kuliko wote, ambaye haoni vizuri, alisema alipoletwa hapa kama bibi harusi mawe yalikuwepo na mama mkwe wake naye aliyakuta. Alisema mwaka wa njaa kubwa ziwa lenyewe la Babati lilirudi nyuma mpaka viboko wakawa wanatembea kwenye tope, lakini chemchemi haikukata. Wengine wakakubali, wakabishana ni mwaka gani, wakaacha kubishana. Hakuna aliyejua nani aliweka mawe. Nikaandika hivyo hivyo: hakuna anayejua.

Ikabaki sahihi. Wengi wa wakubwa wanatumia dole gumba. Kidau cha wino kipo kwa mwenyekiti. Nikamtuma jirani akaazime, akarudi mikono mitupu. "Anasema wino ni wa serikali."

Nikaanza kutukana, nikiri. Mama mkwe akanigusa bega. Akainuka, akaenda kwenye jiwe ambako mmoja wa akina mama alikuwa ameacha sufuria lake la jikoni alipofika. Akaligeuza, akapitisha dole gumba chini yake, likatoka jeusi. Akadondoshea tone la mafuta ya kupaka ya mtoto wangu, akasugua, akabonyeza kwenye karatasi. Alama ikatoka safi kuliko ya wino, mistari yote inaonekana.

"Masizi nayo yamepata kazi," akasema.

Walibonyeza mmoja mmoja. Vidole kumi na saba mwishowe, maana waliokuwa wanapita njiani walisimama wakauliza, wakaweka mizigo yao chini nao wakabonyeza. Mtu wa kumi na nane aliandika jina kwa kalamu. Alikuwa yule kijana wa sufuria. Alikuja amevua viatu, akasimama nje ya jiwe kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Dada, mimi nimepanga mtaa huu huu," akasema. "Mke wangu anachota hapa."

"Sasa?"

"Sasa nini? Na mimi nakunywa." Akakuna kichwa. "Sikujua ni mpaka. Nilidhani ni mawe."

Ningeweza kumchapa maneno ambayo angeyakumbuka mpaka uzeeni. Lakini nilikumbuka sufuria langu mwenyewe na baiolojia yangu. Nikampa kalamu. Aliandika vibaya, lakini aliandika. Jirani mnene akamwambia, "Na sufuria lako likoje, limepona?" Akasema limeingia bonde pembeni, ugali unaungua upande mmoja.

Jumatatu nikapanda bajaji na bahasha. Mtoto alikuwa ameanza kula tena, nilimwacha kwa bibi yake. Yule bwana wa miwani alisoma kurasa zote mbili bila kufungua faili. Akageuza ukurasa wa sahihi kwenye mwanga.

"Huu wino wa wapi?"

"Masizi ya sufuria."

Akaunusa. Kweli, aliunusa. Kisha akaniangalia juu ya miwani. "Na huku juu umeandika arobaini na sita na nusu."

"Ndiyo ilivyo."

"Wengi wangeandika sitini."

"Njoo upime."

Wa meza ya pili hakuwa na chapati siku hiyo. Nikaomba muhuri kwenye nakala yangu, nikasimama hapo mpaka ukagongwa, mweusi, UMEPOKELEWA, na sahihi juu yake. Sijawahi kuona kitu kizuri kama muhuri ule. Hata cheti changu hakikunifanya nitembee vile kutoka ofisini, kichwa juu, natabasamu mpaka wauza vitunguu sokoni wakaniuliza nimeshinda nini.

Wa ofisini walikuja siku nane baadaye, watu wanne, na tepe yao ya chuma. Jiwe la chini lilitofautiana na futi yangu kwa kiganja kimoja. Mwenyekiti alikuwepo, amevaa koti, anaeleza jinsi ambavyo yeye siku zote amekuwa mstari wa mbele kulinda mazingira. Yule jirani mnene alikohoa mpaka akapigwa mgongoni. Vijana wakapewa mahali pa kuoshea barabarani, kwenye bomba, mbali kabisa na jicho la maji, na bwana wa miwani alimwandikia mama mkwe kwa mkono wake, kwenye faili lile kubwa, mstari mpya. Alimuuliza jina la chemchemi. Mama mkwe akamwambia kwa Kiiraqw, polepole, mara tatu, mpaka akaliandika sawa. Na kabla ya yote hayo, wakipanda kuelekea jichoni, walikuwa wamefika kwenye jiwe. Mama mkwe aliangalia tu viatu vyao. Wote wanne wakavua. Hata aliyekula chapati, akabaki na soksi moja imetoboka kidole.

Maji yalichukua wiki mbili kusafika. Mwanangu yupo hapa chini ya meza ya cherehani, amenona, anatafuna ncha ya futi.

Nakala ya malalamiko nimeibandika kwenye daftari kwa uji, ukurasa unaofuata baada ya mji uliozama. Ninainakili hapa kama ilivyopokelewa, bila majina.

*

YAH: MALALAMIKO KUHUSU KUOSHA VYOMBO VYA MOTO KWENYE CHANZO CHA MAJI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

1. Mimi ni mama wa watoto wawili na fundi cherehani, mkazi wa mtaa huu. Nalalamika kwamba pikipiki na bajaji zinaoshwa mita kumi na mbili kutoka kwenye jicho la chemchemi yetu. Povu na oili vinaingia kwenye maji ya kunywa. Mtoto wangu ameugua.

2. Niliambiwa chanzo hiki hakipo kwenye orodha. Kipo mahali pake. Wazee waliosaini hapa wamekitumia maisha yao yote na hawajawahi kukiona kikikauka, hata mwaka ambao ziwa lilipungua.

3. Niliulizwa mpaka wake. Mpaka ni mawe mawili. La chini lipo mita sitini na sita kutoka jichoni. La juu lipo mita arobaini na sita na nusu, upande wa mwamba. Nimepima mwenyewe kwa futi ya kushonea. Hakuna anayejua nani aliyaweka.

4. Ndani ya mawe hayo, kwa desturi yetu, hairuhusiwi chombo chenye masizi, wala sabuni, wala viatu. Wazee wanasema maji yana wenyewe na wakichafuliwa wanahama. Naiandika sababu hiyo kwa sababu ndiyo iliyolinda maji haya kabla ofisi haijajengwa. Asiyeiamini apime oili.

5. Alama za vidole zilizopo ukurasa wa pili zimewekwa kwa masizi kwa kuwa tulinyimwa wino. Ni halali. Vidole ni vyetu.

6. Tunaomba mambo matatu: uoshaji uhamishiwe nje ya mawe na nje ya mita sitini (kila upande kipimo kilicho kirefu zaidi kifuatwe), vijana wapewe mahali pengine pa kufanyia kazi, maana nao wanakunywa hapa, na chemchemi iandikwe kwenye orodha kwa jina lake.

7. Tunaomba majibu kwa maandishi. Ofisi ikituma mtu, aje asubuhi, wakati wa kuchota. Atatukuta. Viatu ataviacha kwenye jiwe.